Nyumba Iliyorukwa

Ngamiani ya miaka ile, mtu akitaka kuoza binti, kumsomea marehemu hitima au kumtoa mtoto nje siku ya arobaini, hakupeleka kadi. Alimwita Bi Mwatumu binti Uweso. Kadi zilikuwa za makarani waliojifunza adabu ofisini, na hata hao, mama zao walipopata habari, walimfuata Bi Mwatumu kwa mlango wa uani, kimya kimya, kumwomba apite nyumba kwa nyumba aisitiri ile aibu.

Alizaliwa Tongoni, akaletwa Tanga mjini na mumewe Shehe, fundi wa reli, akaachwa mjane kabla hajafika miaka thelathini, na binti mmoja mgongoni. Kazi ya kualika aliirithi kwa mama mkwe wake. Nyumba zake zilianzia Barabara ya Sita na kuishia Barabara ya Kumi na Mbili, mia moja arobaini na tatu kwa hesabu, na hesabu hiyo hakuiandika popote kwa sababu kuandika hakujua. Alikuwa na kamba ya ukindu aliyoisokota mwenyewe, fundo moja kwa kila nyumba. Akitembea aliipitisha vidoleni chini ya buibui, na fundo likishapita kidoleni hakulirudia.

Asiyeijua kazi ile atasema ni maneno tu, hata kasuku angeiweza. Na ajaribu basi. Mwaliko hautolewi barazani. Hausemwi dirishani, wala hapewi mtoto aupeleke ndani. Unavua viatu, unapiga hodi, unapita ukumbini mpaka uani, unamkuta mwenye nyumba jikoni kwake, unakaa. Hata kigoda chenyewe kikiwa na mguu mbovu, unakaa. Unakunywa ulichopewa. Mnaulizana hali za wazima na wagonjwa. Ndipo unasema: “Nimetumwa na fulani binti fulani. Anakusalimu salamu nyingi. Anakwambia siku fulani, baada ya sala fulani, ana shughuli yake, na shughuli ni watu. Usimtupe.” Naye atajibu, “Nimepokea.” Akishasema hivyo ni ahadi, atakuja hata akiwa na homa. Lakini usipokaa hukualika, umepita tu kama muuza dagaa.

Na nyumba hairukwi. Awe fukara, awe amegombana na mwenye shughuli, awe na mdomo mchafu wa kutia watu majaribuni, ataalikwa. Nyumba ikirukwa, majirani wote wanajua kabla ya magharibi, na shughuli yenyewe inaingia mdudu.

Miaka ishirini na miwili Bi Mwatumu hakuruka nyumba. Alialika harusi za watu, arobaini za watu na misiba ya watu. Hata harusi ya mwanawe Asmahani aliialika kwa jina la baba mdogo wa binti, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mwenye shughuli. Ukaja mwaka wa hamsini na sita, akairuka nyumba moja, tena kwa makusudi.

*

Mwezi wa nane mwaka ule ilifunguliwa kliniki ya wajawazito na watoto wachanga mwisho wa Barabara ya Kumi na Moja, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ghala la nazi. Harufu ya mbata, nazi kavu, haikuwahi kutoka. Nesi wake aliitwa Kristina, Mbondei wa upande wa Muheza, mwanamke wa miaka ishirini na minane aliyesomea ukunga, mwenye baiskeli na sauti ya upole. Ofisi ya afya ilibandika matangazo kwenye kuta za sokoni. Ikaleta na gari lenye kipaza sauti, likapita mara tatu likipiga kelele za uzazi barabarani mchana kweupe, watoto wakalikimbilia, mama zao wakafunga madirisha kwa haya.

Wiki ya sita ilipokwisha, daftari la Kristina lilikuwa na majina sita. Yasemwayo mtaani yalikuwa zaidi ya sita. Walisema jina la mtoto likiandikwa mle ndani, atatozwa kodi kabla hajaota meno. Walisema watoto hutiwa kwenye mizani na kupimwa kama nyama ya buchani, na mtoto aliyepimwa huliwa na jicho hata kabla hajafikishwa nyumbani.

Bi Mwatumu aliyasikia yote hayo na angeyaacha yapite. Lakini Asmahani alikuwa na mimba ya miezi sita.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza na ya pili zilifika miezi yake yote, na mara zote mbili Asmahani alivimba miguu, kisha uso, kisha akapatwa na kifafa kitandani, na mtoto akatoka kimya. Walizikwa wawili, bila majina. Mimba hii ya tatu ilifichwa zaidi ya zile. Aliijua mumewe Zubeiri, akaijua mama, basi. Watu waliambiwa Asmahani ana homa za kila mara, ndiyo maana hatoki. Mimba ya mtu aliyezika mara mbili haitangazwi, maana macho ya watu yana sumu, na hilo Ngamiani nzima ililiamini, na Bi Mwatumu kuliko wote.

Alimpeleka mwanawe kliniki mchana wa jua kali, saa ambayo watu wote wamelala, wao wawili wamejifunika mabuibui mpaka puani.

“Shikamoo, mama,” alisema Kristina.

“Marahaba, mwanangu. Tufungie mlango.”

Kristina alimlaza Asmahani, akambonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pakabaki kishimo. Akamfunga mkono kwa kitambaa cha kupulizwa na kutazama zebaki ikipanda. Alipomaliza hakuficha kitu.

“Mama, dada anaweza kuzaa mtoto mzima. Lakini huu ugonjwa unapanda polepole, na mimi lazima nimwone kila wiki, niujue kabla haujamwangusha. Ukipanda sana nitamlaza hapa.”

“Kila wiki mpaka lini?”

“Mpaka ajifungue. Mwezi wa kumi na mbili.” Kisha akakunja kitambaa chake taratibu. “Ila sijui kama nitakuwepo. Mkubwa wetu atakuja tarehe thelathini mwezi wa kumi kutazama daftari. Yasipofika majina arobaini, kliniki inafungwa, na mimi napelekwa Handeni.”

Bi Mwatumu alimtazama mwanawe. Kulikuwa na hospitali kubwa, ndiyo, lakini madaktari wake walikuwa wanaume, na Asmahani alishaapa kwa Mungu kwamba mwanamume asiye mumewe hatamshika akiwa hai. Kwa kiapo Asmahani alikuwa mgumu kama marehemu baba yake. Basi mlango wa mtoto huyu kuja duniani ulikuwa mmoja, huu hapa unaonuka mbata, nao ulikuwa na siku thelathini na tano za kubaki wazi.

“Watu umewaitaje?” aliuliza.

“Tumebandika matangazo, mama. Na gari limepita.”

“Karatasi haialiki mtu, mwanangu. Na gari lile limewafukuza.” Alisimama, akajifunga buibui. “Niambie siku na saa. Watu nitakuletea.”

*

Alipita siku kumi na mbili. Asubuhi alianzia pale alipoishia jana, akavua viatu, akapiga hodi, akakaa. Alikunywa kahawa, maji ya kisima na chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, akatafuna tambuu mpaka meno yakamuuma. “Nimetumwa na nesi wa kliniki,” alisema. “Anakusalimu salamu nyingi. Anakwambia Jumanne ya tarehe kumi na sita, saa mbili asubuhi, njoo na mtoto wako, na mwenye mimba aje na mimba yake. Usimtupe.” Walimsikiliza vizuri. Wengi walisema inshallah. Waliosema “nimepokea” walikuwa wachache, na hilo lilipaswa kumshtua, lakini alikuwa na haraka, na mwenye haraka husikia anachokitaka.

Fundo moja aliliruka. Kila alipolifikia, kidole kilipanda juu yake na kushuka upande wa pili. Lilikuwa la nyumba ya Barabara ya Tisa, yenye mlango wa kijani, ya Bi Kijakazi.

Bi Kijakazi alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Ngamiani walitua mikononi mwake kabla hawajatua mahali pengine popote, na wengine walikuwa sasa wanaume wenye ndevu waliomwamkia wakiinamisha vichwa. Yeye ndiye aliyewapokea watoto wawili wa Asmahani. Tangu kuzikwa kwa yule wa pili, miaka mitatu, Bi Mwatumu alikuwa akimpelekea mialiko ya watu kwa kuwa kazi haina kinyongo, lakini alikaa kwenye ukingo wa kigoda, akasema maneno yake, akaondoka bila kugusa maji. Nyumbani kwake hakulitaja jina lile. Hasira yake alikuwa ameilea vizuri.

Zaidi ya hasira alikuwa na sababu, au alijiambia anayo. Mkunga ataipenda vipi kliniki inayomnyang'anya kazi? Ukimwalika utampa nafasi ya kuipinga. Heri asijue.

Jumanne ile walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa anataka dawa ya kikohozi cha mumewe.

Bi Mwatumu alikaa kwenye benchi la kliniki toka saa mbili mpaka adhuhuri, buibui lake jipya likimchoma kwa joto. Kristina alimletea maji. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kualika watu na watu wasije. Kwanza alijiambia ni Maulidi, kesho kuna Maulidi, wanawake wana vyungu motoni. Kisha akaona aibu kujidanganya mzima mzima. Alitoka pale akaenda moja kwa moja Barabara ya Nane kwa shoga yake Mboni, muuza vitumbua, ambaye alikuwa hajui kusema uongo hata akilipwa.

“Mboni, nambie. Mbona hukuja?”

Mboni aligeuza kitumbua, akageuza na cha pili. “Bi Kijakazi ulimwalika?”

Bi Mwatumu alivuta kigoda, akakaa.

“Twalikwenda kumuuliza, shoga. Twalimwambia, bibi, hiyo kliniki tuiendee? Hakuitukana. Hakuisifu. Alisema tu, miye sijaambiwa neno. Sasa weye fikiri. Shughuli ya uzazi, mkunga wa mtaa mzima hakualikwa, siye twende tukafanye nini? Tukiulizwa tutasema nani katuita?”

“Nimewaita miye!”

“Weye huiti, Mwatumu. Weye hutumwa.” Mboni aliweka mwiko chini. “Na jambo jingine. Kila siku watwambia kakutuma fulani, nasi twamjua huyo fulani na mama yake, na twajua alikuja kwetu lini. Huyu nesi katufanyia nini, tukamlipe kwa kwenda kwake? Shughuli haina mwenyewe, shoga. Mtu hendi kwenye shughuli isiyo na mwenyewe.”

Maneno yale yalimkaa Bi Mwatumu kifuani njia nzima. Yalimuuma zaidi kwa kuwa ndiyo kazi yake, na aliyemfundisha kazi yake ni muuza vitumbua.

*

Jioni ile alimwambia Asmahani yote. Asmahani alikuwa amekaa mkekani, miguu juu ya mto, na kile kimbonyeo cha kidole sasa kilikuwa kinachukua muda kujaa.

“Kuna wiki mbili,” alisema Bi Mwatumu. “Nitafikiri njia nyingine.”

“Njia unaijua, mama. Nenda kwa Bi Kijakazi.”

“Kwa yule? Aliyeniulia—”

“Usiseme.” Asmahani hakuwa mtoto wa kumkatiza mama yake, na wote wawili walishtuka. “Hakuua mtu. Weye ulikuwa ukumbini walia. Miye nilikuwa naye mle ndani. Alinishika mkono mpaka asubuhi, mama, nikamtia kucha mpaka akatoka damu, na hakuuondoa. Miye simchukii. Weye ndiye unayemchukia, na unamchukia kwa niaba yangu.”

Bi Mwatumu aliurekebisha mto chini ya miguu ya mwanawe.

“Ataniuliza mwenye shughuli nani,” alisema mwisho.

“Mwambie.”

“Nimwambie una mimba? Atajua yeye, watajua wote. Macho ya mji mzima yawe tumboni mwako?”

“Zile mbili nazo zilifichwa, mama, zilifika wapi?” Asmahani alijifunika kanga magoti. “Mficha uchi hazai. Sema kwa jina langu. Na usemapo, taja baba yangu, nisije nikachanganywa na Asmahani wa kwa Mzee Msafiri.”

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu wenye hofu, lakini kilikuwa kicheko.

*

Kesho yake, watu wakiwa wameshughulika na Maulidi, Bi Mwatumu alivua viatu mbele ya mlango wa kijani. Kidole kilikuwa juu ya fundo lile. Lau angepita mtu barabarani akamwamkia, huenda angegeuka. Hakupita mtu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga hodi.

Bi Kijakazi alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo, mwanamke mfupi, mweusi, wa miaka sabini, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye. Hakushangaa, au hakuonyesha.

“Karibu, Mwatumu.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kaa.”

Alikaa. Mara hii alikaa kitako kizima, akaegemea ukuta. Aliletewa maji katika kata, akayanywa yote mpaka chini, na Bi Kijakazi aliyatazama yakiisha.

“Nimekuja kukualika,” alisema Bi Mwatumu. Maneno aliyoyasema maelfu ya mara yalimkwama kama mwiba wa samaki. “Kliniki. Jumanne ya tarehe thelathini, saa mbili asubuhi.”

“Nimesikia watu walialikwa Jumanne ya jana.”

“Walialikwa.”

“Miye sikualikwa.”

“Hukualikwa. Nilikuruka.”

Bi Kijakazi alipepeta ungo, makapi yakaruka, kuku wakakimbilia. “Na sasa mwenye shughuli nani?”

Bi Mwatumu alivuta pumzi. “Asmahani binti Shehe. Mwanangu. Ana mimba ya miezi saba, na miguu imeanza kuvimba. Anakusalimu salamu nyingi. Anakwambia shughuli ni watu. Usimtupe.” Na hapo machozi yakamtoka bila ruhusa yake, akayafuta kwa ncha ya kanga kwa hasira.

Ungo ulisimama.

Bi Kijakazi alitandaza mikono yake mikubwa juu ya mchele. “Mama yangu alizika wanne kabla yangu,” alisema. “Nilipozaliwa akaniita Kijakazi, jina la kitu kisicho na thamani, ili mauti yasinitamani. Nikaishi. Nikasema, basi kazi yangu iwe kuwapokea wenzangu. Miaka arobaini na mitano, Mwatumu. Walio wengi wamelia. Wale wawili wa mwanao hawakulia, nami nawakumbuka kuliko wote waliolia. Ile kuvimba niliiona. Mara ya kwanza nikaiona, na mara ya pili nikaiona, nikajua si kheri, na dawa sina. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nangoja uje uniulize. Hukuja.”

“Nilikuchukia.”

“Najua. Ulikuwa hunywi maji yangu.” Akaweka ungo chini. “Huyo mtoto wa Kibondei, dawa anayo?”

“Ana chombo cha kupima. Anasema ataujua ugonjwa kabla haujamwangusha, na atamlaza.”

“Basi ana kitu ambacho miye sina.” Alilisema wazi, kama mtu anayetaja bei. “Nimepokea. Lakini nyumba zote unarudi. Zote. Na mara hii useme shughuli ya nani.”

*

Alirudi zote. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza mapema, barabara za Ngamiani zikawa tope, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na gauti. Alipita hivyo hivyo, kijiti mkononi. Nyumba mia moja arobaini na tatu kwa siku kumi, na katika kila nyumba alikaa, akanywa, akasema: “Asmahani binti Shehe, mwanangu, ana mimba ya miezi saba.” Mara ya kwanza alilinong'ona. Mara ya ishirini ulimi ulizoea. Wanawake walijiziba midomo kwa kanga, wakasema maashallah, wakatema mate pembeni kufukuza husuda. Wengine walilia naye, maana hakuna uani Ngamiani usio na mtoto aliyezikwa. Na wote walijua ni nani aliyekuja kwao, mvua na jua, kuwaletea watu katika furaha na misiba yao, na kwamba hajawahi kuwaomba jambo lake hata siku moja. Hakusikia inshallah tena. Walisema, “Nimepokea.”

Barabara ya Kumi alikuwepo mwanamke mmoja aliyeuliza kuhusu mizani. “Bi Mwatumu, kweli mtoto anapimwa kama nyama?”

“Anapimwa,” alisema Bi Mwatumu. “Na wangu atapimwa siku hiyo hiyo akizaliwa, Mungu akipenda. Jicho likitaka kula, lije kwa wangu.”

Tarehe thelathini, saa mbili asubuhi, hapakuwa na mtu. Kristina alikuwa amefagia, amefungua daftari mezani, amelifunga, amelifungua tena. Mkubwa wake angefika saa nne. Bi Mwatumu na Asmahani walikuwa kwenye benchi, na Asmahani, kwa mara ya kwanza katika miezi saba, alikuwa amekaa bila kujificha, kanga yake ikionyesha alichokuwa nacho.

Saa mbili na robo akatokea Bi Kijakazi, peke yake, amebeba kigoda chake kichwani. Alikiweka mlangoni, akakaa.

“Hawaji,” alinong'ona Bi Mwatumu.

“Walikuwa wananingoja miye nitangulie,” alisema Bi Kijakazi. “Watu hawamtangulii mkunga. Tulia.”

Wakaanza kutoka vichochoroni, wawili wawili, watatu watatu, mabuibui meusi na watoto waliong'aa kwa mafuta ya nazi. Mboni alikuja na wajukuu wawili na bakuli la vitumbua. Yule mwanamke wa mizani naye alikuja. Wakajaa barazani, wakajaa ukumbini, wakakaa hadi kwenye ngazi za jirani. Kristina aliandika mpaka wino ukaisha, akaazima kalamu dukani. Mtoto wa kwanza kutiwa mizanini alilia kama anachinjwa, na mama yake akataka kukimbia naye, Bi Kijakazi akasimama, akampakata mtoto kwa ile mikono yake, akamlaza mizanini mwenyewe, akaiambia hadhara yote, “Ratili kumi na moja na nusu. Na hajaliwa.” Wakapiga vigelegele. Mkubwa wa ofisi alipofika saa nne alishindwa kupita mlangoni kwa viatu vilivyorundikwa, ikabidi atazame daftari kupitia dirishani. Lilikuwa na majina themanini na moja.

*

Kliniki haikufungwa. Kristina hakwenda Handeni.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili zebaki ilipanda pasipostahili, na Asmahani akalazwa katika chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa, asiguswe na kelele wala mwanga. Kristina alimpa dawa zake. Bi Kijakazi alilala sakafuni kando ya kitanda siku tisa. Bi Mwatumu alikaa nje, kwenye ukumbi, kama zile mara mbili za kwanza, na kamba ya ukindu mkononi, akihesabu nyumba zisizohitaji kuhesabiwa. Siku ya kumi, Ijumaa, watu wakiwa msikitini, alisikia kilio. Alisimama akaanguka, akasimama tena.

Alikuwa msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa, na mama yake mzima. Alipimwa siku ile ile, kama bibi yake alivyoahidi.

Wiki ya tano Bi Mwatumu alivaa buibui lake jipya, akachukua kamba yake, akatoka kwenda kualika watu. Alianzia Barabara ya Tisa, mlango wa kijani. Alivua viatu, akapiga hodi, akapita ukumbini mpaka uani, akakaa, akapewa maji, akayanywa. Bi Kijakazi, aliyempokea mtoto huyo kwa mikono yake mwenyewe, aliyemwogesha kila asubuhi tangu siku ya kwanza na aliyejua tarehe ya arobaini kuliko mtu yeyote, alikunja mikono yake juu ya magoti na kungoja, kwa sababu kazi ina sheria zake.

“Nimekuja kukualika,” alisema Bi Mwatumu.

“Mwenye shughuli nani?”

Miaka ishirini na miwili alilijibu swali hilo kwa majina ya watu. Aliiweka kamba magotini. Bi Kijakazi hakumsaidia.

“Miye,” alisema Bi Mwatumu. “Shughuli ni yangu.”

“Nimepokea,” alisema Bi Kijakazi.